Oili Rangi ya Chai

Ukitaka kumuudhi Erifazi, mwambie afanye haraka. Hatakujibu. Atakutazama mara moja, atavuta kiti chake cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, ataketi, na kuanzia hapo kazi yako itakwenda polepole kuliko ulivyoikuta. Nimemjua tangu aliporudi Juba, mapigano ya 2016 yalipotulia, na kwa miaka hiyo yote amenichosha na kunichekesha, na mara nyingi nimeapa nitahamisha duka langu niende mbali naye. Sijahama bado.

Mimi ni Jael, Mkenya, ingawa hapa mtaa wa Jebel wananiita Mama Ryan. Nauza oili, filta, plagi na mikanda ya magari ndani ya kontena linalotazamana na gereji ya Erifazi na mwenzake Edrine, wote wawili watu wa Uganda. Ungedhani gereji na duka la vipuri ni chanda na pete. Ungedhani hivyo kwa sababu humjui Erifazi. Mtu anakuja na gari la otomatiki linalostuka likibadilisha gia, anataka oili mpya, mimi nimeshanyoosha mkono kwenye rafu, na Erifazi anapaza sauti kutoka ng'ambo: "Mama Ryan, hiyo kopo iache kwanza! Mimi bado kuona!"

Kuona kwake ndiko kunakoniua. Mafundi wengine wakimwaga oili ya giaboksi wanaimwagia kwenye dumu lililokatwa ubavu, jeusi kwa uchafu wa magari ya miaka yote. Ndani ya dumu hilo hata maji ya kunywa yangeonekana yameungua. Erifazi ana beseni la enameli, jeupe, lenye ukingo wa bluu, alilotoka nalo kwao Mityana. Analiosha kwa sabuni na kulianika kifudifudi juu ya tofali, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Siku moja Edrine alilitumia kuwekea maandazi. Walikaa muda mrefu wakipitishiana spana bila kuzungumza, na tangu siku hiyo Edrine akipita karibu na beseni lile anaweka mikono mfukoni.

Basi oili inamwagwa ikiwa bado na joto kidogo, beseni linafunikwa kwa kipande cha ubao vumbi lisiingie, na Erifazi anasema neno lake: "Acha itulie." Kisha ananawa mikono na kwenda kwa Amer. Huyo Amer ni mama wa chai. Amekaa na jiko lake la mkaa na bilauri zake ndogo chini ya mabati, katikati ya kontena langu na gereji, na kila mwenye gari huishia kwake akisubiri. Erifazi akimaliza kunywa anarudi, anafunua, anainama. Kwanza anatazama tu. Halafu anachovya kidole, anasugua oili kati ya kidole na gumba, ananusa akiwa amefumba macho hadi wageni hudhani anasali. Tone moja analiweka kwenye karatasi nyeupe ya shashi na kungoja lienee. Mwisho anachukua ile sumaku inayokaa chini ya giaboksi. Ikiwa na unga laini wa kijivu anaufuta na kusema, "Hii iko uzee tu, hata sisi iko nao." Ikiwa na vipande vinavyochoma kidole, hasemi kitu, na mwenye gari anaanza kutafuta mahali pa kukaa.

Taabu ilikuwa kumweleza huyo mwenye gari. Wateja wetu ni wa kila lugha, na Kiarabu cha Erifazi ni cha kununulia nyanya. Kwa hiyo aliazima maneno kwenye meza ya Amer, ambayo kila mtu anayajua. Oili nzima, nyekundu, inayopitisha mwanga, ni karkade, kile kinywaji chekundu cha maua. Iliyochoka ikawa kahawia ni kahawa. Iliyoungua, nyeusi, yenye harufu ya kushika koo, ni kahawa ya jana. Na iliyoingiwa na maji, ile inayogeuka nzito na ya ukungu, rangi ya maziwa yaliyotiwa wekundu kidogo, hiyo aliiita chai. Nilimcheka sana. Baada ya muda nikajikuta napokea simu kutoka mtaa wa New Site, mama fulani ananiambia, "Mama Ryan, yangu ni kahawa, nije?" na mimi namjibu bila kucheka kwamba aje.

Hapo ndipo anapoingia Lony.

Lony ni dereva, kijana mrefu ambaye akiingia kwenye ile Noah yake ya zamani inabidi ajikunje. Anabeba abiria wa kukodi. Lakini gari lile hakulinunua kwa ajili ya abiria, na hakuna mtu gerejini asiyeijua sababu. Mwaka ule wa mapigano mama yake aliondoka Juba kwa miguu, godoro kichwani, akaenda akaenda mpaka akapata lori la kumvusha Uganda, na huko kambi ya wakimbizi ya Kiryandongo amekaa mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Lony aliapa. "Mama yangu alitoka na miguu," alikuwa akisema. "Atarudi amekaa ndani ya gari yangu. Hapandi gari ya mtu." Aliisema mara nyingi kiasi kwamba Edrine alikuwa akimmalizia.

Na alikuwa na sababu nyingine ambayo haikumpa usingizi. Ami yake, mzee Tut wa New Site, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kijana huyu ni maneno matupu, kwamba mama atarudi kwenye lori na magunia ya mahindi kama wazee wengine, na Lony atasimama kando akitoa sababu. Maneno hayo yalimkaa. Mtu akikudharau mbele ya ukoo huwezi kumjibu kwa mdomo, unamjibu kwa kitu kinachoonekana.

Sasa safari imefika. Mama amesema Jumamosi atakuwa Nimule, mpakani. Na wiki hiyohiyo mvua ikanyesha, khor ikafurika, yaani ule mkondo ambao kiangazi ni mchanga mtupu, na Lony kwa haraka zake akapita humo na gari maji yakiwa usawa wa mlango. Gari likatoka upande wa pili. Siku mbili tatu baadaye likaanza kustuka kwenye gia, linanguruma kabla ya kushika. Ijumaa mchana akalileta kwa Erifazi.

Oili ikamwagwa. Ubao juu. "Acha itulie." Lony hakuweza kutulia, alikuwa na kitanda cha kununua, na chandarua, na shuka, akakimbia sokoni.

Erifazi alipofunua aliniita. "Mama Ryan, kuja uone." Nikavuka. Sikuhitaji kuwa fundi kuelewa nilichokiona. Ndani ya lile beseni jeupe palikuwa na kitu kizito cha waridi, hakipitishi mwanga, kama chai ya maziwa iliyopoa ikashika utando. Alikinusa. "Haijaungua," akasema. "Lakini iko na maji mingi. Na hii ni nusu tu." Akanieleza, kwa subira ambayo hunipa mimi kwa sababu nabishana, kwamba ukifungua nati ya chini oili haitoki yote; kiasi kikubwa hubaki kimejificha ndani, na ukimimina mpya juu yake, ile iliyobaki inaichafua mpya, na sahani za ndani, zile zinazoshika gia, zinaendelea kulowa mpaka zinabambuka ngozi.

Ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya kanisani kwake, na Erifazi ndiye besi. Akampigia Lony simu hapohapo, mimi nikisikia kwa masikio yangu. "Lony, oili yako iko chai. Ndiyo. Chai kabisa! Umesikia?" Upande wa pili kulikuwa na jenereta na kelele za soko, lakini hata mimi nilimsikia Lony akipaza sauti, "Nimesikia, usta! Kwes, kwes!" yaani fundi, sawa, sawa. Erifazi akafunika beseni, akavaa shati safi, akaenda zake kuimba. Kwake yeye, ukishamwambia mtu oili yake ni chai, umemwambia asiguse hilo gari. Mimi nami nilifunga duka mapema kidogo.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta Erifazi amesimama mahali Noah ilipokuwa, anatazama mawe manne na doa.

"Edrine. Gari ya Lony iko wapi?"

"Si ameenda Nimule," Edrine akajibu, anapiga mswaki. "Alikuja jioni na makopo ya oili, akasema wewe umesema oili si mbaya, niweke mpya tu. Nikaweka."

"Mimi nimesema?"

"Yeye amesema umesema."

"Na beseni hukufunua?"

Edrine akamtazama kwa uchungu wa mtu ambaye hajasahau maandazi. "Beseni yako? Mimi?"

Erifazi akafunua. Ilikuwa imetulia usiku kucha, na chini kabisa, alipoliinamisha, maji yalionekana yamejitenga. Akaketi kwenye kiti chake. Nikasema Lony ni mwongo, nikalisema kwa sauti, kwamba ameambiwa ukweli akaamua kuutupa kwa sababu anapenda safari kuliko gari, na kwamba vijana wa siku hizi wanaomba ushauri ili wapate mtu wa kulaumu. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huwa sina breki. Erifazi alikuwa anapiga simu, na simu ilikuwa haipatikani, na barabara ile ya Nimule ina sehemu ndefu ambazo mtandao haufiki.

Alipiga asubuhi nzima. Wateja walikuja akawaambia warudi Jumatatu. Hakwenda kwa Amer, na Amer aliponiuliza kwa macho nikainua mabega tu. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa kumwonea huruma mtu mtulivu ni kazi ngumu. Huoni pa kuanzia. Najua alikuwa anafikiria nini. Alikuwa anafikiria mwanamke mzee kando ya barabara, na jua, na godoro.

Mchana simu yake ikalia. Lony. Sauti ilikuja na kukatika: gari lilifika Nimule vizuri, mama amepanda, wamerudi vizuri, halafu kwenye vilima likaanza kulegea, na sasa wamevuka kidogo tu upande huu wa njia panda ya Aru, gari linanguruma bure, haliendi. "Zima," Erifazi akamwambia. "Lony, zima injini. Hapana jaribu tena. Mimi nakuja."

Akanigeukia. Ninayo pikapu ya kuchukulia mizigo, ya gia za mkono, kwa sababu siyaamini magari yanayojiamulia yenyewe. Hakuniomba. Alisimama tu pale na boksi la spana, kamba, makopo, na beseni lake alilolifunga kwenye kitambaa, na mimi huyo nikafunga duka siku ya Jumamosi, siku ya biashara, nikimtukana kimoyomoyo. Njia nzima alilipakata lile beseni kwenye mapaja.

Tuliwaona kwa mbali kwa matawi aliyoyatandaza Lony barabarani kuonya magari. Yeye alikuwa nje, anazunguka Noah kama atakuta mlango mwingine. Mama yake alikuwa ndani, kiti cha katikati, dirishani, kitambaa cha kijani kichwani, mikono juu ya kibegi. Joto la humo ndani lingechemsha yai. Nikamsalimia na kumwomba ashuke akae kwenye kivuli.

"Hapana, binti yangu," akasema, kwa Kiswahili cha kambini, cha polepole. "Malori mengi imesimama. Wanasema mama, panda. Mimi nimeshapanda gari ya mtoto wangu. Nitashuka nyumbani."

Nyuma yangu moto ulikuwa umewaka.

"Usta, ulisema shai!" Lony alikuwa akipiga kelele, machozi yako karibu. "Kwa simu! Ulisema shai tu!"

"Mimi nilisema chai. Chai kabisa!"

"Si ndiyo! Shai! Nami nikajua mafi mushkila, hakuna shida, oili imezeeka kidogo, naweka mpya!"

"Lony, mimi nasema chai, wewe unaweka oili? Mtu iko na akili anaweka oili juu ya chai?"

Nikawatazama wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kumshukia Lony kwa uongo wake, na sasa nilikuwa na watu wawili wanaosema kitu kilekile na kugombana. Ndipo nikasikia kicheko kutoka dirishani.

Mama Lony alikuwa ameshika tumbo. "Njooni hapa," akasema. "Lony, lete ile chupa yako uliyojaza kwa mama wa Juba."

Lony akaleta chupa ya chai, ile aliyojaziwa na Amer alfajiri. Mama akatoa na yake kwenye kibegi, aliyoijaza Elegu kabla ya kuvuka mpaka. Akapanga vikombe viwili vyeupe kwenye sakafu ya gari, mlangoni. Katika kimoja akamimina ya Lony: chai nyekundu, safi, unaona hadi chini ya kikombe. Katika kingine akamimina ya kwake: ya maziwa, nzito, ya kahawia iliyopauka.

"Wewe," akamwambia Erifazi, akionyesha cha kwanza. "Hii kwenu jina lake nini?"

"Chai kavu, mama."

"Na hii?"

"Hiyo sasa ndiyo chai."

"Lony. Hii?"

Lony akatazama kile chekundu. "Shai," akasema. "Shai ahmer." Halafu akatazama cha pili, cha maziwa, na nikaona uso wake ukibadilika. "Hii ni shai bi laben, mama."

"Basi," akasema mama. "Mimi siku ya kwanza Uganda niliomba shai, wakaniletea maziwa. Nikasema, hawa watu wazuri, wameona nimekonda." Akacheka tena mpaka kitambaa kikamshuka. "Miaka yote hii nimekunywa maziwa yao. Hakuna mtu aliniuliza shai gani."

Erifazi hakucheka. Alifungua kitambaa chake, akaingia chini ya gari na lile beseni, akalegeza nati, akaachia kiasi kidogo tu, akafunga. Akaliweka kando ya vile vikombe viwili. Kilichokuwa ndani ya beseni kilikuwa ndugu wa kikombe cha mama, kwa wekundu kidogo tu. Lony alikishika kichwa chake kwa mikono yote miwili. Na mimi, niliyemwita mwongo mbele ya gereji nzima, ambaye nakunywa bilauri za Amer kila siku ya Mungu na kila siku nasema "bi laben" bila kufikiri, nilijiona mjinga kuliko wote.

"Kwa hiyo imekufa?" Lony akauliza.

"Acha itulie."

"Usta, niambie tu!"

"Mtoto, acha itulie," akasema mama yake, akachukua kikombe chekundu, akanywa kwa kelele, akafumba macho. Sidhani alikuwa amekunywa chai ya Juba tangu alipoondoka.

Tukangoja, malori yakipita na kutumwagia vumbi. Erifazi akafanya kila kitu kwa mpango wake uleule, kama vile tuko Jebel na hakuna kinachotukimbiza: akatazama, akasugua, akanusa mara ya kwanza na ya pili. Akaweka tone kwenye shashi. Mimi nilikuwa nataka kumpiga. Kisha akafumbua macho.

"Haijaungua," akasema. "Kidogo tu, kama mkate umekaa karibu na moto. Ulizima mapema, umefanya vizuri. Nikiifungua, niioshe yote, nibadilishe zile sahani imeharibika, itatembea. Lakini ikijivuta yenyewe kutoka hapa mpaka Juba, au kamba ikiivuta na magurudumu inaizungusha, hiyo itakuwa kahawa ya jana kabla ya daraja ya Nile. Hapo hakuna fundi."

Lony akaitikia kwa kichwa. Aligeuka upande wa porini, akawa anajifuta macho kwa kiwiko. Nilijua, sote tulijua. Gari litapona, lakini libaki hapa na mlinzi, na mama ahamie kwenye pikapu yangu, gari ya mtu, aingie New Site amebanwa kati yangu na boksi la spana, na mzee Tut amesimama getini. Nikamwambia mama kwa sauti ndogo kwamba pikapu yangu ina kiti kizuri.

"Nimekusikia, binti yangu," akasema. Hakusogea. Alikuwa hatutazami sisi, alikuwa anamtazama mwanawe mgongoni. Halafu akaanza kukusanya vikombe, polepole, akikaza uso, na akaanza kujivuta kuelekea mlangoni. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa anashuka ili Lony asiombwe kuchagua.

"Mama, kaa," Erifazi akasema.

Akachukua spana akarudi chini ya gari. Nikaona miguu yake tu. Noah zile za zamani zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kuna mtaimbo mrefu wa chuma, propela, unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Alitoka nao begani. Mahali ulipotoka alikuwa ameziba kwa mfuko wa plastiki na ukanda wa mpira. "Sasa magurudumu inazunguka bure," akasema. "Giaboksi imelala. Hata uvute mpaka Nairobi, haitajua." Kisha akanitazama mimi, akatazama kamba.

Nilimwambia klachi yangu si ya serikali. Nikamwambia mengine pia. Alipomaliza kufunga kamba nilikuwa bado nasema.

Tulikuja Juba mwendo wa maandamano ya kanisa. Lony kwenye usukani wa Noah, breki nzito kwa kuwa injini imezimwa, mama nyuma yake dirishani, Erifazi karibu na mimi, ametoa shingo nje anatazama kamba. Kwenye kizuizi askari akachungulia, akamwona yule mama ameketi kama mgeni wa harusi, akamuuliza kitu kwa lugha yao, akacheka, akatupungia mkono. Darajani, tukiingia Juba, nilimwona mama kwenye kioo ametoa kichwa nje, anautazama mto. Alikuwa akiisogeza midomo. Sijui alikuwa anauambia nini, na sikutaka kujua, yalikuwa yake.

Tulifika New Site jua likiwa bado lipo. Nyumba yao iko chini ya mteremko mdogo, ukikata kona, na tangu mbali tulisikia ngoma za madumu ya plastiki na nyimbo za wanawake. Watu walikuwa wameambiwa. Nikawasha taa ya kukata kona, na Erifazi akanigusa mkono. "Simama."

"Kuna nini tena?"

Alishuka, akaenda nyuma, akafungua kamba. Akaikunja, akanitupia dirishani. Akainama kwenye dirisha la Lony. "Washa injini. Iache kwa P, sasa haishiki magurudumu, usiguse gia. Breki ipate nguvu, na honi ipate nguvu. Mimi nasukuma mpaka kona, kutoka hapo mlima inakupeleka."

Lony alimtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa.

Nikashuka na mimi. Tuliisukuma ile Noah pamoja, fundi na mwenye duka, mikono nyuma ya gari lililokuwa likinguruma vizuri kabisa kama gari lisilo na tatizo duniani. Kwenye kona likatutoka mikononi. Likateremka lenyewe, polepole, bila kamba, bila mtu wa kulisukuma, Lony wima kwenye usukani na honi haikatiki, na kitambaa cha kijani dirishani. Vigelegele vikapanda. Likaingia getini na kusimama katikati ya uwanja.

Tulibaki nyuma ya ukuta wa mabati, nikiwa na kamba mkononi. Nilichungulia. Mzee Tut alikuwa amekuja mbele na fimbo yake, analikagua gari kwa macho. Mwishowe akalipata swali. Nilimsikia akimuuliza shemeji yake, kwa Kiarabu, amekuja na nani. Mama Lony alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Aliweka kiganja juu ya bati la gari, lenye vumbi la Nimule yote, akajibu kwa sauti ya kufika kila nyumba: Lony. Lony na gari lake.

Nililia, sioni aibu kusema. Nikataka kusogea nione uso wa Tut, nione Lony anashukaje, nione kila kitu. Nilikuwa nimevuta mtu kutoka Aru, nilistahili. Erifazi akanishika kiwiko, akanirudisha nyuma ya mabati.

"Mama Ryan," akasema. "Acha itulie."

Nikaiacha.